Risasi ya Paja la Kushoto

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na robo asubuhi, kwenye uwanja wa kijiji pale Nyakatuntu. Watu walikuwa wameitwa kuandikishwa mbolea ya ruzuku. Ndivyo mgambo alivyopita akitangaza jana yake jioni, na mkulima ukimwambia mbolea atakuja hata kama anaumwa. Wakubwa wanalijua hilo. Wangesema wanakuja kuhakiki watu, nusu ya kijiji ingekuwa porini.

Desderius alifika na jembe begani, maana alikusudia akitoka hapo apitie kwenye maharage. Ni mtu wa miaka arobaini na minane, mkewe Celestina alikufa mwaka juzi, anaishi na mama yake mzazi na binti yake mmoja. Alisimama nyuma, chini ya ukingo wa paa la ofisi, akisubiri kusikia habari za mifuko.

Mgeni mmoja aliyetumwa na wakubwa alisimama na faili, lakini hakutaja mifuko. Alifungua faili akaanza kusoma majina. Alipofika katikati alisita, akalirudia jina moja kama mtu aliyekuta mchanga kwenye wali.

"Uwiduhaye. Desderius Uwiduhaye, mama yake na binti yake. Yupo?"

"Nipo."

"Sogea huku mbele. Jembe liache hukohuko."

Wachache wakacheka. Desderius akaliegemeza jembe ukutani, akasogea.

"Jina hili ni la wapi?"

"La baba yangu."

"Nauliza la wapi, siulizi la nani."

Desderius aliwatazama watu waliokaa matanga kwake, waliomsaidia kuchimba kaburi la Celestina, na kila aliyemtazama alikuta ana shughuli na vidole vyake vya miguu. Akapewa karatasi. Ilisema kaya yake haijathibitishwa uraia, na kwamba ana siku thelathini kuleta ushahidi mbele ya kamati: cheti cha kuzaliwa cha baba, au uthibitisho kwamba baba aliitumikia nchi. Akishindwa, kaya itaondoka kijijini irudi ilikotoka.

Desderius alikotoka ni jikoni kwa mama yake, hatua mia tatu kutoka pale uwanjani.

Mbolea haikuandikishwa siku ile.

 

Bibi Placidia alikuwa amekaa kwenye nyasi za jikoni anamenya ndizi. Alimsikiliza mwanawe bila kuinua kisu.

"Mama, baba si alipigana vita vya Amini?"

"Alipigana."

"Cheti chake kiko wapi?"

"Hakuna cheti."

"Wote waliotoka vitani walipewa cheti."

"Nimesema hakuna, Desderi. Niletee ule mkungu mwingine."

Joanitha, mjukuu, aliyemaliza kidato cha nne na kukwama nyumbani kwa sababu ya hilohilo jina kwenye fomu, alikuwa akipuliza moto. Yeye babu yake hakumkuta. Lakini Desderius anakumbuka. Anakumbuka masika, mama yake anapasha samli kwenye kigae, baba amelala ubavu, paja la kushoto liko wazi. Kovu la risasi lilikuwa limedidimia kama kitovu cha pili. Mvua ikiwa mbali bado, mzee Uwiduhaye alikuwa ameshaanza kuchechemea, na majirani walikuwa wakimwona anavuta mguu wanaanua kahawa yao. Alikufa mwaka tisini na nane. Walimzika upande wa juu wa kibanja, penye mibuni, na Celestina walimlaza pembeni yake.

"Baba," Joanitha akasema, "si watakuwa na daftari la walioitwa? Nenda ukaulize."

"Muulize bibi yako kwanza kwa nini ananyamaza."

Bibi akatupa ganda. "Ndizi hizi zimekomaa kupita kiasi," akasema.

 

Ofisini alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alisimama kwenye foleni saa mbili nzima, na alipofika mbele kijana wa dirishani akaitazama karatasi yake, akamrudishia kwa ncha za vidole.

"Foleni hii ni ya wananchi, mzee. Nyinyi mnasubiri kule."

Kule palikuwa karibu na choo. Desderius akaenda akasubiri kule. Mara ya pili mwenye daftari alikuwa semina. Mara ya tatu alikuwepo, mtu mpole kwa kweli, akapitisha kidole kurasa zote za mgambo walioitwa mwaka sabini na nane, mbele na nyuma.

"Uwiduhaye hayumo."

"Angalia tena, ndugu yangu."

"Nimeangalia mara mbili. Aliyeingia nchi hii kuchuma kahawa za watu asingeandikwa humu. Hawa ni wale waliokuwa kwenye hesabu ya kijiji."

Kwa hiyo wakati wa kuhesabu hakuhesabiwa, na sasa anatakiwa aonyeshe alipohesabiwa. Ni akili ya wakubwa hiyo. Mtu wa darasa la nne hawezi kuitunga.

Huyo mpole ndiye aliyemwambia kuna askari mmoja wa zamani, Egbert, analinda nyumba ya wageni pale Nkwenda. Desderius akatembea hadi Nkwenda siku ya gulio. Akamkuta Egbert kwenye kiti cha plastiki, koti la jeshi limepauka hadi limekuwa rangi ya majivu, anamenya muwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chumba hakuna, wanunuzi wamejaa."

"Sitafuti chumba. Namtafuta baba yangu."

Egbert akacheka mpaka muwa ukamtoka. Lakini aliposikia vita vya Amini, na paja la kushoto, akaacha kucheka. Akaweka kisu chini.

"Mrefu? Anaimba kwa puani?"

"Huyo."

"Tulimbeba kwenye blanketi, watu wanne, mimi nilishika kona ya mguu uliopigwa. Damu yake iliniingia kwenye buti. Askari wa miguu yule, usione. Alikuwa anatembea na njaa siku mbili na anatuchekesha." Akatikisa kichwa. "Lakini umekosea jina. Huyo hakuitwa hilo unalosema. Huyo alikuwa Rwegoshora wa Kanoni."

"Rwegoshora wa Kanoni yuko hai."

"Najua yuko hai. Kila sikukuu ya mashujaa anakalishwa kiti cha mbele. Namtazama, najiambia, huyu bwana vita vilimpendeza, amenenepa hata sura imehama." "Sasa ndiyo unaniambia kwa nini hanisalimii."

"Mzee Egbert, utakuja kuyasema haya mbele ya kamati? Nina siku kumi na mbili."

Egbert akaokota kisu chake. "Mjukuu wangu kapeleka maombi ya jeshi. Sasa mimi nikasimame niseme jeshi halikujua linambeba nani kwenye blanketi?" Akakata kipande cha muwa akampa. "Tafuna, safari ndefu. Baba yako alikuwa mtu. Hilo nakwambia bure."

 

Jioni ile Desderius hakukaa. Alisimama mlangoni pa jiko akaziba mwanga.

"Mama. Baba na Rwegoshora walikuwa nini?"

Placidia akasukuma ukuni motoni. "Walinywana," akasema.

Joanitha hakulijua neno hilo, kwa hiyo bibi ikabidi aeleze. Zamani watu wawili wakipendana kuliko ndugu walikaa mkeka mmoja, kila mmoja akachanjwa tumboni. Tunda moja la kahawa likapasuliwa, punje zake mbili zikagawanywa. Wewe unapaka punje yako damu yako, mwenzako anaimeza. Yeye anapaka yake, unaimeza wewe. Kuanzia hapo mnywani wako akikuomba kitu hukatai. Na kilichopo kati yenu hukitoi nje. Ukikitoa, tumbo lililomeza ndilo linalovimba. Kama mwenyewe ameshakufa, linavimba la mtoto wake, au la mjukuu.

"Akamwomba nini?" Desderius akauliza.

"Siwezi kusema."

"Egbert amesema."

"Egbert hakumeza kitu."

"Kwa hiyo tufukuzwe hapa, baba na Celestina wabaki peke yao kwenye mibuni, kwa ajili ya punje ya kahawa?"

"Kibanja hiki tulikipata wapi, Desderi? Baba yako alikuja hapa na shati moja. Tulikipata kwa ajili ya punje ya kahawa."

Asubuhi bibi alijikongoja hadi juu kwenye makaburi, akatafuta mbuni wenye tunda lililoiva vizuri, jekundu tupu, akachuma moja tu. Akalifunga kwenye jani kavu la mgomba, akamkabidhi Joanitha.

"Mpe mkononi Ta Rwegoshora, mzee mwenyewe. Usimpe mwanawe. Na usiseme neno."

"Bibi, kahawa moja?"

"Moja."

 

Nyumba ya Rwegoshora pale Kanoni ni ya bati la rangi na madirisha ya vioo. Aliyewapokea Desderius na Joanitha ni Dastan, mwanawe, mnunuzi wa kahawa, mtu wa viatu. Huku kwetu mgeni akiingia hata kwa maskini hupewa amwani, kahawa kavu za kutafuna, mbili tatu kiganjani, ndipo aulizwe habari. Dastan hakutoa amwani. Hakutoa na viti.

"Mzee amelala. Ana sukari. Semeni, nitamfikishia."

Desderius akaeleza, kofia mkononi. Dastan alisikiliza huku akichezea funguo za gari.

"Ndugu yangu, sikiliza. Siku hizi kila aliyeonekana kwenye orodha ile, baba yake alikuwa mwanajeshi. Na wote wamepoteza vyeti. Sasa wewe umekuja na kali zaidi, unataka baba yako awe baba yangu."

"Sitaki kiti chake. Nataka aseme tu."

"Aseme nini? Kile pale kinasema." Akaonyesha kwa kidevu. Ukutani, juu ya televisheni, cheti kilikuwa kwenye fremu. Desderius husoma polepole. Alisoma jina la Rwegoshora, akasoma askari wa miguu, mwishoni akasoma mstari ulioandikwa kwa mashine ya kupiga chapa yenye mkanda uliofifia: amejeruhiwa kwa risasi, paja la kushoto. Akausoma tena.

Mlango wa ndani ukafunguka, mzee akatokea na fimbo. Joanitha akapiga magoti, akaamkia, akampa kile kifurushi kwa mikono miwili. Mzee akafungua jani. Akalitazama tunda. Akafunga kiganja.

"Placidia mzima?"

Joanitha akaitikia kwa kichwa.

"Dastan," mzee akasema, "hawa watu hawajapewa amwani."

Akageuka, akarudi ndani, mlango ukafungwa. Dastan akaleta amwani kwenye kisahani, kwa hasira. Wakatafuna wamesimama, wakaaga. Aliwasindikiza hadi getini, ahakikishe wametoka.

"Ni nini kile mlichomletea mzee?"

"Kahawa," Desderius akasema.

"Moja?" Dastan akacheka. "Sisi hapa kahawa tunanunua kwa magunia."

 

Kamati ilikaa Alhamisi, tarehe 13 Juni. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kuhamia, mwenye kalamu mbili mfukoni, na pembeni yake dada mmoja wa kuandika kumbukumbu. Kaya zilizotangulia hazikuchukua hata dakika kumi kila moja. Watu walikuwa wakitoka mlangoni wanatazama kushoto na kulia kama hawakumbuki walikuja kwa njia ipi.

"Ushahidi?"

"Baba yangu alipigana vita," Desderius akasema. "Alikwenda na jina la mtu mwingine."

"La nani?"

Desderius akamtazama mama yake. Placidia akatikisa kichwa, kidogo sana. Yeye mwenyewe hakumeza punje, lakini alimeza mate ya miaka arobaini na tano juu ya jambo hilo, na Joanitha alikuwa amekaa pale, tumbo lake zima.

"Bibi, wewe ulikuwa mke wake. Eleza."

"Kipo kitu ambacho siwezi kusema."

"Hutaki au huwezi?"

"Siwezi."

"Andika," mwenyekiti akamwambia dada, "hana maelezo."

Hapo ndipo pikipiki iliposimama nje. Rwegoshora akaingia na fimbo yake, cheti amekikumbatia kimefungwa kwenye kanga. Mwenyekiti akasimama. Hata wajumbe waliokuwa wanasinzia walisimama, maana mzee huyu sura yake wanaijua, ni ya kiti cha mbele. Akaletewa kiti, akakikataa.

"Nimekuja kumsemea mnywani wangu," akasema. "Mwaka ule mgambo walisoma jina langu. Mke wangu alikuwa na siku tatu tangu ajifungue, na mtoto mwenyewe hanyonyi. Niliogopa. Sitaki kusingizia mtoto, niliogopa. Nikamwomba Uwiduhaye aende na jina langu, naye hakuwa na njia ya kukataa. Akaenda. Mimi nililala darini miezi mitano. Aliporudi akanipa jina langu na karatasi hii, nami nikampa kibanja cha Nyakatuntu. Hakuwahi kunisimanga hata siku moja. Ningependa angenisimanga."

Mlango ukasukumwa, Dastan akaingia anahema. "Mheshimiwa, samahani sana, mzee ana sukari, ikimpanda anaongea vitu. Baba, twende nyumbani."

"Mtoto asiyenyonya alikuwa wewe," Rwegoshora akamwambia. "Nyamaza."

Akaweka cheti mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Kisha akampa Joanitha fimbo amshikie, akafungua mkanda, akashusha suruali hadi magotini, mzee wa miaka sabini na minne, mbele ya watu na mbele ya wanawake. Wajumbe wakageukia dirishani. Paja la kushoto lilikuwa jeupe kwa kutokuona jua, laini, halina hata alama ya mwiba. Akageuka, akawaonyesha na la kulia.

Dastan alijifunika uso.

Desderius alianza kuhisi kitu kinanyanyuka kifuani, akakiachia kinyanyuke, na hilo ndilo kosa lake la siku ile.

"Mzee, vaa," mwenyekiti akasema. "Kamati hii inahakiki uraia, haihakiki mapaja." Akasubiri mkanda ufungwe. "Karatasi inasema Rwegoshora. Mimi naamini karatasi. Maneno yakiaminiwa hapa, kesho nitaletewa mapaja ya wilaya nzima. Na tena umetusaidia. Umesema huyu marehemu aliingia jeshini kwa jina lisilo lake. Dada, andika: marehemu alitumia jina la uongo."

"Jina nilimpa mimi."

"Nawe utaulizwa mahali pengine. Hiki cheti kitabaki hapa."

Akakichukua. Ndiyo ilikuwa karatasi pekee duniani yenye habari ya mguu wa Uwiduhaye, ikaingia kwenye droo.

"Kaya hii haikuthibitishwa. Mwisho wa mwezi muwe mmeondoka. Anayefuata."

Placidia akasimama. Ilimchukua muda, magoti yake si mazuri. Mwenye siri alikuwa ameitoa mwenyewe, kwa hiyo mdomo wake sasa ulikuwa huru, na ulikuwa na kitu kimoja tu.

"Baba mwenyekiti, usikasirike. Mimi sikusoma. Hapo kwenye karatasi kuna risasi?"

"Ipo, bibi."

"Nani aliiandika? Mimi?"

"Ni jeshi."

"Jeshi haliongopi?"

"Haliongopi."

"Na paja la Ta Rwegoshora mmeliona. Basi hiyo risasi iliingia kwenye paja la nani?"

Dada wa kumbukumbu akainua kalamu. "Mwenyekiti, hapa nijaze nini?"

Mwenyekiti akatazama saa yake. "Acha nafasi," akasema.

 

Ta Rwegoshora hakuonekana tena kwenye kiti cha mbele. Wanasema tumbo limeanza kujaa maji. Daktari anasema ni figo, sukari imezila. Placidia aliposikia hakuuliza zaidi. Alikuwa ameshaanza kumwangalia Joanitha tumbo kila anapopita.

Desderius aling'oa bati mwenyewe. Maharage yalikuwa yamebakiza wiki tatu, akayaacha. Siku mbili za mwisho alizitumia kupalilia makaburi, akayazungushia mawe ili atakayepewa kibanja asije akapanda migomba juu. Jembe alilisahau palepale, kati ya baba yake na Celestina.

Na bibi alimuuliza kila aliyetumwa. Alimuuliza mgambo aliyekuja kuhesabu milango, akamuuliza bwana wa kupima mipaka, akamuuliza dereva wa lori lililowachukua, kijana wa watu, asiyehusika na lolote. Aliketi juu ya bati, amekumbatia sufuria, na lori lilipopunguza mwendo penye kizuizi akamwinamia askari aliyekuwa akikagua majina yao kwenye karatasi.

"Shikamoo mjukuu wangu," akamwambia, yeye ndiye aliyemwamkia mtoto. "Wewe una bunduki, labda unajua. Risasi iliingia kwenye paja la nani?"